Sampu ya gia inavuja: maswali yenu kuhusu pikapu kuukuu

Maswali ya safari hii karibu yote yanahusu sampu ya giaboksi kwenye pikapu za otomatiki. Sishangai. Gari linalolala karibu na bahari na kupanda feri kila siku huliwa kuanzia chini, na sampu, lile bakuli la chini linaloshika oili ya gia, ni bati tu.

Salaam alaikum fundi. Pikapu yangu ya oto inaacha matone mekundu chini kila asubuhi. Fundi wa mtaani anataka kuteremsha sampu aipake silikoni. Nimruhusu? (Likoni)

Wa alaikum salaam. Mwambie asubiri kwanza. Oili ya gia ikiwa mpya ni nyekundu, ikizeeka hugeuka hudhurungi, kwa hivyo kwamba ni ya gia hilo umeliona sawa. Lakini oili hufuata mteremko, na sampu iko chini kabisa, basi hulaumiwa hata kwa uvujaji usio wake. Inaweza kuwa mipira ya oili inayokwenda kwenye rejeta, sili ya shafti inayoungana na mkono wa gia, au sili ya mbele kati ya injini na giaboksi. Osha chini kwa sabuni ya unga, acha pakauke, nyunyizia poda ya mtoto kuzunguka giaboksi yote, kisha endesha kidogo. Ingia chini na tochi. Oili itakuwa imechora mstari kwenye ile poda, nawe uufuate hadi juu unakoanzia.

Fundi, kutu imetoboa sampu yangu, tundu dogo tu. Nimeambiwa sabuni ya kipande inaziba. Ama nikaichomee? (Jomvu)

Sabuni ni ya tangi la petroli, tena ya kukufikisha nyumbani. Oili ya gia ikipata moto hufika nyuzi 80 na kuendelea, sabuni itateleza itoke. Kuchomea nako sikushauri: bati lililotoboka hapa limeshakuwa jembamba pale pembeni, na moto wa kuchomea hupinda ukingo, halafu sampu haikai tena.

Nunua nyingine. Hii ya zamani nenda nayo dukani, uzilaze moja juu ya nyingine. Hesabu matundu ya bolti, linganisha umbo, na usisahau kina. Filta inakaa karibu sana na sakafu ya sampu. Ukifunga sampu fupi, mdomo wa filta unazibwa na gia zinakosa oili. Jina la pikapu peke yake halitoshi, kwa sababu pikapu ya jina moja na mwaka mmoja inaweza kuwa na giaboksi tofauti, hasa ukilinganisha ya kuvuta magurudumu mawili na ya manne. Iliyotumika kutoka Japani haina neno, ila igeuze uitazame: kaskazini ya Japani humwagwa chumvi barabarani wakati wa theluji, kwa hivyo nayo inaweza kuja na kutu yake. Kabla ya kuifunga, ipake rangi ya kuzuia kutu kwa nje tu. Ndani na ukingoni usiguse.

Nimebadilisha gasketi, ile ya kuziba kati ya sampu na giaboksi, mara mbili na bado inavuja. Bolti nimezikaza mpaka mkono unauma. Nifanye nini? (Bamburi)

Hapo kwenye mkono kuuma ndipo penye ugonjwa, kaka. Bolti za sampu nyingi ni za milimita 6, vibolti vya spana ya 10. Kipimo chake huwa kati ya Newtoni mita 7 na 10, ambacho ni nguvu ya kiganja tu ukishika racheti fupi karibu na kichwa. Ukipita hapo, bati linabonyea kwenye kila tundu na kuinuka katikati ya tundu na tundu, na oili inapata mlango. Gasketi mpya haiwezi kunyoosha bati.

Iteremshe tena. Gari liwe juu ya stendi, si jeki peke yake, magurudumu yawekewe kabari, na oili ipoe hadi iwe vuguvugu. Kama kuna bolti ya kumwagia oili, anza nayo. Kama hakuna, legeza upande mmoja zaidi ili sampu iiname na kumwaga kwenye karai. Bolti zilizoshika kutu zitie mafuta ya kulegeza tangu jana yake, maana ikikatikia ndani ya aluminiamu utalipa fundi wa kutoboa. Sampu ikigoma kubanduka, usichomeke bisibisi. Ukikwaruza uso wa giaboksi hakuna gasketi itakayokuokoa. Pitisha kisu chembamba, taratibu.

Sasa weka ukingo wa sampu juu ya ubao ulionyooka uone mwanga unapita wapi. Palipobonyea pagonge kwa nyundo ndogo, ubao ukiwa chini, mpaka pakae. Safisha gasketi ya zamani yote, pande zote mbili, upanguse kwa petroli kidogo, mbali na moto. Ndani usitumie tambara linaloacha nyuzi.

Mle ndani utakuta visumaku. Ujiuji wa kijivu juu yake ni wa kawaida. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa kucha si vya kawaida. Visumaku visafishe uvirudishe palepale. Filta badilisha sasa hivi, kwani umeshafika.

Kuhusu silikoni: kama sampu yako ni ya gasketi, ifunge kavu. Kuna sampu, zikiwemo za Toyota kadhaa, zilizotoka kiwandani na silikoni bila gasketi. Hizo tia mstari mwembamba wa silikoni, usubiri ikauke kama pakiti inavyosema kabla ya kutia oili. Vyote viwili pamoja ni kuharibu. Silikoni inayofurikia ndani hukatika na kwenda kuziba filta.

Bolti zote zianze kwa vidole kwanza. Kisha kaza kutoka katikati kwenda nje, kwa kuvuka upande huu na ule, mizunguko miwili au mitatu midogo midogo. Za filta mara nyingi zina urefu tofauti na za sampu. Chora sampu kwenye kipande cha katoni, tunga kila bolti mahali pake inapotoka, hutachanganya.

Nitie oili gani, na kiasi gani? (Changamwe)

Iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari au kwenye kijiti cha kupimia. Nyingi za zamani ni Dexron II au III. Toyota za baadaye ni T-IV au WS, na hizo mbili hazichanganywi. Pima uliyomwaga, urudishe kiasi hichohicho. Usitie ujazo wote wa giaboksi, kwa sababu kufungua sampu hutoa chini ya nusu. Iliyobaki iko ndani ya kibadilishi (torque converter, kilicho kati ya injini na giaboksi) na mipira. Halafu pima oili ikiwa moto, gari pahali tambarare, injini inanguruma, mkono wa gia umeupitisha kila nafasi ukarudi P. Baadhi ya magari hupimwa vingine, na mengine hayana kijiti kabisa, kwa hivyo kitabu kwanza.

Mume wangu anasema oili ya gia kuukuu ikibadilishwa, gari hufa. Kweli? (Mikindani)

Dada, anayosema yametokea, ila lawama imekosea njia. Watu wengi hubadilisha oili siku gia zimeshaanza kuteleza, na klachi za ndani zilizoisha hazifufuki kwa oili mpya. Ikiwa pikapu yenu bado inaingia gia vizuri, badilisheni. Ikiwa oili inanuka kuungua na gari linavuta kwa kuchelewa, kaguliwe kwanza. Lakini kusukuma oili kwa mashine ya presha kwenye gia kuukuu, hapo namuunga mkono mzee.

Kesho napeleka mzigo Voi na sampu inadondosha kidogo. Nitafika? (Miritini)

Matone machache, ndiyo. Beba lita mbili za oili ileile na faneli ndefu, upime Mariakani na Maungu. Gia ikianza kuchelewa kushika, simama. Usikubali kuvutwa kwa kamba: pampu ya gia huzungushwa na injini, kwa hivyo injini ikizimwa na magurudumu ya nyuma yakizunguka, giaboksi inajisaga bila oili. Tafuta lori la kubeba, pikapu ipande juu magurudumu yote manne.