Kona ya Maswali: Tulikuwa wanne, tumebaki wawili, dogo wa studio anataka amapiano

Wiki hii barua moja imekula karibu nafasi yote na nimeiacha ile tu, maana nilipoisoma mara ya kwanza nilikaa kimya kidogo. Zingine mbili fupi ziko chini.

SWALI: Shikamoo anko. Nakuandikia toka Tanga, Ngamiani barabara ya 13. Kundi letu tulilianzisha 2001 tukiwa wanne, watoto wa mtaa mmoja, enzi hizo unarekodi kwenye kaseti na shoo ya Tangamano ukipata nafasi unajiona umemaliza dunia. Mwenzetu mmoja, yule wa sauti nzito aliyekuwa anafunga nyimbo zote, alifariki miaka mitatu nyuma. Mwingine yuko Muscat kapata kazi, harudi leo wala kesho. Tumebaki wawili, wote arobaini na ushee, mwenzangu anaendesha bajaji mi nina kiduka cha vipuri. Tumeenda kurekodi kwa dogo mmoja Makorora, akasema hiphop ya namna yetu haiuzi tena, tuweke amapiano, ile midundo ya kucheza ya Sauzi, na binti wa kuimba kiitikio. Tukatoa moja, nimekutumia. Washikaji wa zamani wametucheka sana, mmoja kaniambia usoni kabisa "marehemu angewakana". Tukirudi kwenye zile za zamani nazo zinapwaya. Sasa anko tubadilike au tuache? (Mgosi wa Barabara ya 13)

JIBU: Marahaba mgosi, na poleni, miaka mitatu si mingi kwa mtu mliyekua naye.

Ngoma nimeisikiliza mara nne, ya mwisho nikiwa na hedifoni usiku watu wamelala. Mwanzo sio mbaya, binti anaimba vizuri tu. Ila kuna pale katikati biti inakata, inabaki besi peke yake, unasubiri mtu aingie, halafu mnaingia nyie wote wawili kwa pamoja mnapiga kelele. Pale palikuwa pake yule bwana, si ndio? Mmemwachia kiti chake kama kawaida, halafu mkaona aibu kiti kukaa kitupu mkakirundikia nguo. Kwa hiyo mi amapiano siigombezi, ninachokiona ni nyimbo ya watu wanne inayoimbwa na wawili, na hata mngeipiga kwa biti ya 2001 ingepwaya vilevile, ndo maana za zamani nazo zinawasumbua.

Watu wanadhani saundi ya kundi ni biti. Biti dogo yeyote anakutengenezea jioni moja. Saundi ya kundi ni nani anafungua mlango, nani anachekesha, nani anakimbiza maneno, nani anakuja mwisho kuweka kufuli. Akiondoka mmoja saundi imeshabadilika hapohapo, hamkuulizwa, kwa hiyo hilo swali lako la tubadilike au tuache limechelewa kidogo. Mmeshabadilika. Kilichobaki ni kujipanga upya.

Wakubwa nao limewakuta hili. Wu-Tang Clan, kundi la rap la Marekani, walimpoteza mwenzao Ol' Dirty Bastard Novemba 2004, alianguka studio siku mbili kabla ya kutimiza miaka 36, na yule ndo alikuwa kichaa wao, anaingia anaimba nje ya kila kitu na nyimbo inapata uhai. Albamu iliyofuata, 8 Diagrams ya mwaka 2007, RZA, mtengeneza biti wao, akaja na magitaa na biti za taratibu, na wanakundi wenzake Raekwon na Ghostface wakalalamika hadharani kabisa kwamba hiyo siyo Wu-Tang. Mi naipenda ile albamu, najua wengi hawaipendi, lakini sikilizeni kilichowagombanisha: mmoja aliamua wenzake wakakuta chakula kimeshaiva. Na nyie nahisi ni hivyohivyo, tena aliyewaamulia sio hata mwanakundi, ni dogo wa Makorora ambaye mnarekodi 2001 yeye bado ananyonya.

Wengine waliacha. Run-DMC walipouliwa Jam Master Jay, alipigwa risasi studio Queens, New York, Oktoba 2002, walifunga kundi, na yule wala hakuwa mwenye maiki, alikuwa DJ wao. Beastie Boys nao, mwenzao MCA alipofariki 2012 kwa kansa, basi. Kuacha sio kushindwa. Lakini wewe hujaniandikia kama mtu anayetaka kuacha, mtu anayetaka kuacha hatumi ngoma saa sita usiku anauliza "anko umeisikiliza?"

Basi fanyeni hivi. Nendeni mkawasikilize tena Wagosi wa Kaya, wa hapohapo kwenu, Mkoloni na Dr. John. Wale walikuwa wawili tu na hukuwahi kusikia pengo, kwa sababu wanaimba kama watu wawili wanaobishana barazani, huyu anaanzisha mwenzie anadakia, huyu anashangaa yule anaongeza chumvi. Nyie bado mnaandika vesi ndefu kila mtu na yake, baa kumi na sita (yaani mistari kumi na sita), unamaliza unasubiri. Nani mnamsubiri? Zikateni. Baa nne huyu nne yule, mbili mbili hata, dereva bajaji na muuza vipuri, aisee hapo pana mada ya albamu nzima, kila siku anakuja dukani kwako anataka bei ya ndugu. Dogo hawezi kuandika hiyo. Mkishaandika namna hiyo ndo mtafute biti, na kama mtaona amapiano ndo inawabeba, wekeni amapiano, mi nitacheza.

Za zamani: msiimbe vesi yake. Wala msimchukue mdogo wake aje kuiga ile sauti nzito, najua kuna mtu keshawashauri hivyo. Ikifika zamu yake, biti ishuke, geuzeni maiki kwa watu. Ngamiani wanaijua ile vesi kuliko nyie.

Halafu yule wa Muscat hajafa mgosi, mbona mnamzika mapema? Ana simu, atume vesi, mkiweka hivyohivyo na kelele za barabara za huko ndo kabisa. Na huyo aliyesema marehemu angewakana, muulizeni alinunua kaseti zenu ngapi.

SWALI: Anko, hivi kumweka mtu aliyekufa kwenye albamu mpya sio kumsumbua? Mi huwa nasikia baridi. (Dada wa Pangani)

JIBU: Inategemea aliingia mwenyewe au ameingizwa. A Tribe Called Quest, kundi lingine la rap la Marekani, walikuwa wanarekodi nyumbani kwa mwenzao Q-Tip na mwenzao mwingine Phife Dawg alikuwa anafika kabisa, anaumwa kisukari cha siku nyingi, akafariki Machi 2016 albamu ikatoka Novemba ileile, yeye yumo na ana utani wake kama kawa. Hiyo baridi mi siisikii, pale nasikia mtu aliyemaliza kazi yake. Ila hizi kompyuta za siku hizi zinazoiga sauti, marehemu anaimba mistari ambayo hakuwahi hata kuifikiria, hapo tuko wote dada, nami nasikia baridi.

SWALI: Kaka yangu alikuwa kwenye kundi la rap, akafariki. Wenzake wanaendelea kuimba nyimbo alizoandika na wamezirudia kwa biti mpya. Mama hajapata hata mia, daftari lake la mistari kalifungia kabatini. Tuna haki gani? (Dada wa marehemu, Tanga mjini)

JIBU: Mnayo. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inalinda kazi ya mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo, na kama walitunga pamoja hiyo 50 inaanza kuhesabiwa akifa wa mwisho wao. Kubadilisha biti hakufuti mistari ya kaka yako. Anzeni na mirathi, familia ikubaliane nani msimamizi muende mahakama ya mwanzo, ukiwa na barua ya usimamizi ndo unaenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, na ushahidi: kaseti yenye jina lake, picha, meseji za kupangiana studio. Kabla ya yote kaeni na hao wenzake mzungumze, mara nyingine sio roho mbaya, hakuna aliyewahi kuwaambia. Lile daftari lake la mistari ulilosema mama kalifungia kabatini msimpe mtu, hata aje analia. Pigeni picha kurasa zote, lenyewe lirudi kabatini.