Fizi zinazotoka damu: kalsiamu, ubuyu na udongo wa pemba

Nikipiga mswaki asubuhi nikitema natema na damu. Duka la dawa walinipa vidonge vya kalsiamu, huu mwezi wa pili na damu iko palepale. Niongeze dozi? (Dada wa Tabata)

Usiongeze, dada. Ufizi ni nyama, si mfupa, na mara nyingi damu hiyo inaletwa na ukoga laini uliojibanza pale jino linapoingia kwenye ufizi. Mwaka 1965 huko Denmark watu 12 wenye fizi nzima waliacha mswaki kwa makusudi. Kati ya siku ya 10 na ya 21 wote walikuwa wamevimba fizi. Waliporudia mswaki, zikapoa kwa takriban wiki moja.

Chukua mswaki laini, uinamishe nusu kuelekea ufizi, usugue kwa mitikisiko mifupi dakika mbili, asubuhi na usiku. Usiku pitisha na uzi wa meno. Siku mbili tatu za mwanzo damu inaweza hata kuzidi, na hapo ndipo wengi huuogopa mswaki wakauacha. Wewe endelea. Wiki mbili zikiisha bila nafuu, nenda kliniki ya meno. Watapima kina cha nafasi iliyo kati ya ufizi na jino kwa kijiti chenye alama za milimita: 1 hadi 3 ni kawaida, kuanzia 4 ufizi huenda umeshaachana na jino, na humo mswaki haufiki.

Kalsiamu inahitajika kwa mfupa unaoshika jino: mtu mzima miligramu 1,000 kwa siku. Kikombe cha maziwa cha mililita 250 kina kama 300, na dagaa wanaoliwa na miba yao wanasaidia kujazia.

Ni kweli ugaga, ule ukoga uliogeuka jiwe, unatokana na kula sana dagaa na maziwa?

Hapana. Madini yanayougandisha yanatoka kwenye mate yako mwenyewe. Pitisha ulimi nyuma ya meno ya mbele ya chini: pakikwaruza kama sakafu isiyopigwa lipu, ndipo ugaga unapopenda kukaa, kwa sababu mirija ya mate inafungukia jirani. Ukoga laini ukiachwa siku chache tu huanza kuwa jiwe. Dawa ya meno yenye zinki inapunguza kasi hiyo, ila ugaga ulioshaganda unatoka kwa kukwanguliwa kliniki. Ndimu usijaribu, itakula jino kabla ya ugaga.

Na vitamini C? Mama mkwe ananisisitizia ubuyu.

Msikilize. Hapa chakula kinagusa ufizi moja kwa moja. Bila vitamini C mwili haufumi vizuri nyuzi zinazoushikilia ufizi kwenye jino, na ikikosekana kwa miezi kadhaa kinakuja kiseyeye: fizi za zambarau, laini kama sponji, meno yanacheza. Mwaka 1747 James Lind, tabibu wa meli ya Uingereza, aliwapa mabaharia wawili wagonjwa machungwa na malimau, wakapata nafuu ndani ya siku chache. Mjini kwetu, wa kumwangalia ni mzee anayeishi kwa chai na mkate.

Mwanamke anahitaji miligramu 75 kwa siku, mwanaume 90, mvuta sigara aongeze 35. Pera moja la wastani linamaliza hesabu. Chungwa moja lina kama 70. Unga wa ubuyu ukoroge kwenye maji yasiyo ya moto, maana kuchemsha kunaharibu vitamini. Mchicha ukate dakika ya mwisho, maji kidogo, na usimwage mchuzi wake. Ubuyu mwekundu wa kumung'unya ni habari nyingine: sukari inakaa mdomoni mchana kutwa, bakteria wanafanya sherehe.

Nina mimba ya miezi mitano, fizi zimevimba. Nakula udongo wa pemba, si unaongeza madini?

Hapana, udongo unaweza hata kuyapunguza. Hunasa chuma tumboni kisipate kufyonzwa, mchanga wake unasaga meno, na mwingine una risasi, madini yenye sumu. Hamu hiyo mara nyingi huendana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwambie nesi wa kliniki bila aibu. Vidonge vya chuma meza kwa maji au juisi ya machungwa. Chai isubiri saa moja au mbili. Fizi zenyewe zinavimba kwa sababu homoni za mimba zinazifanya ziukasirikie hata ukoga kidogo. Kusafishwa meno ukiwa mjamzito ni salama, na miezi uliyonayo ndiyo rahisi zaidi kukaa kwenye kiti.

Navuta sigara miaka 15, fizi hazijawahi kutoa damu. Si niko salama?

Nikotini inabana mishipa ya damu, hivyo ufizi mgonjwa unaonekana mkavu na mtulivu huku mfupa ukiliwa chini. Kapimwe kwa kile kijiti.