Kabla hujanunua mashine ya polishi, jifunze kuosha gari

Gari langu la kwanza lilikuwa jeusi, na nililiosha kila Jumamosi bila kukosa: ndoo moja, sponji, sabuni ya unga na nguvu zangu zote. Usiku mmoja nikasimama kujaza mafuta, mwanga wa taa ya juu ukaiangukia boneti, nikaona kitu ambacho mchana sikuwahi kukiona. Boneti nzima ilikuwa na mikwaruzo myembamba iliyoizunguka ile taa kama utando wa buibui. Hakuna mtu aliyelikwaruza lile gari. Ilikuwa kazi ya mkono wangu mwenyewe.

Niliumia sana, na kuumia huko ndiko kulikonifanya nianze kujifunza usafi wa kina wa magari. Sasa ndiyo shughuli ninayoipenda kuliko zote siku za mapumziko. Wanaotaka kuanza huniuliza wanunue mashine gani ya polishi, nami huwaambia mashine isubiri. Mikwaruzo mingi wanayotaka kuiondoa imeletwa na namna wanavyoosha, na wasipobadilisha uoshaji, itarudi hata wakipiga polishi ya namna gani.

Fikiria rangi ya gari ilivyopangwa. Juu ya bati kuna praima, yaani rangi ya msingi, juu ya praima kuna rangi yenyewe, na juu ya rangi kuna tabaka linaloonyesha kama kioo, ambalo mafundi huliita klia. Ndilo linalong'aa, na ndilo linalolinda rangi dhidi ya jua. Kwenye magari mengi ya kisasa klia ya kiwandani ina unene wa maikroni 40 hadi 50 hivi. Unywele wa binadamu, kwa wastani, ni kama maikroni 70. Sasa, polishi haizibi mkwaruzo. Inasaga klia ya pembeni mpaka ishuke iwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kwa hiyo kila unapopiga polishi unachota kwenye akiba ambayo haiongezeki, na ndiyo maana naona afadhali kutokwaruza kuliko kukwaruza halafu kurekebisha.

Kinachokwaruza ni mchanga. Sponji bapa inaunasa na kuubana kwenye rangi, nawe unauburuta kutoka boneti hadi mlangoni. Glovu ya kuoshea yenye nyuzi ndefu za maikrofaiba inaumezea ndani ya nyuzi, mbali na rangi. Nunua glovu mbili, moja ya sehemu za juu na nyingine ya sehemu za chini, pamoja na ndoo mbili. Ndoo moja iwe na shampuu ya gari, ya pili maji matupu. Unachovya kwenye shampuu, unaosha sehemu moja, tuseme nusu ya paa, kisha unaisuuza glovu kwenye maji matupu kabla ya kurudi kwenye shampuu. Siku ya kwanza kufanya hivi nilipomaliza niliyamwaga yale maji matupu taratibu, nikakuta chini kumetuama mchanga mweusi. Niliusugua kati ya vidole viwili nikausikia ukikwaruza. Zamani mchanga wote ule ulikuwa unarudi kwenye gari.

Lakini kabla glovu haijagusa rangi, maji yafanye kazi yake. Osha kivulini, bodi ikiwa imepoa. Weka kiganja juu ya boneti, na kama bado ina joto, ngoja, kwa sababu shampuu ikikaukia juu yake itaacha madoa. Anza na rimu, ziwe na ndoo yake na brashi yake, maana vumbi la breki lina chembe za chuma ambazo hutaki zifike kwenye milango. Kisha suuza gari zima kwa maji mengi, ukikazia chini ya milango na nyuma ya matairi, ambako matope hujificha. Kama una mashine ya presha, usiisogeze karibu sana na rangi, hasa pale iliposhaanza kubanduka. Baada ya hapo osha kwa glovu ukitoka juu kwenda chini, kwa mistari iliyonyooka, bila kukandamiza. Uzito wa glovu iliyolowa unatosha. Bampa na sehemu za chini za milango ziwe za mwisho kwa sababu ndizo chafu zaidi.

Shampuu ya gari ina kitu ambacho sabuni ya vyombo haina: utelezi. Inaiwezesha glovu kuteleza na kubeba uchafu. Sabuni ya vyombo imetengenezwa kukata mafuta, kwa hiyo inakula nta uliyoipaka kwa jasho. Mimi huitumia pale tu ninapotaka kuiondoa nta ya zamani ili nipake mpya.

Kukausha nako kunakwaruza, na watu hulisahau hili. Toa kichwa cha kunyunyizia kwenye mpira wa maji, uyaache maji yatiririke polepole kutoka paani. Yatashuka kama shuka na kuondoka na matone mengi. Yaliyobaki, tandaza taulo kubwa la maikrofaiba juu ya boneti, shika ncha mbili, livute kuja kwako. Usisugue. Na usiliache gari likauke lenyewe juani, maana maji yenye chumvichumvi huacha alama nyeupe ambazo zikikaa hula klia.

Vitambaa vyenyewe vitunze. Kata lebo, maana kingo zake ni ngumu. Vifue peke yake, mbali na nguo za pamba zinazotoa manyoya, na usitie dawa ya kulainisha nguo kwa sababu inaziba nyuzi na kitambaa kinaacha kunyonya. Mimi nimevigawa kwa rangi: bluu vya bodi, njano vya ndani, vyeusi vya rimu. Cha bluu kikianguka chini hata mara moja, kinahamia kwenye rimu.

Ukishaweza kuosha hivyo, fanya jaribio hili. Gari likiwa safi na kavu, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi, kisha pitisha vidole juu ya boneti taratibu. Mara nyingi utahisi vipele vidogo vidogo kama msasa laini, ingawa kwa macho rangi inaonekana safi kabisa. Hizo ni chembe za chuma za breki, lami na utomvu wa miti vilivyong'ang'ania kwenye klia, na shampuu haiviwezi. Chembe za chuma zina dawa yake: unainyunyizia, inageuka zambarau pale ilipokutana na chuma, unasuuza kabla haijakauka. Mara ya kwanza kuona gari jeupe likitiririsha zambarau nilishtuka kwa wingi wa chuma kilichokuwa pale. Vinavyobaki huondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ambao unaukanda ukawa kama chapati ndogo, unalowesha bodi kwa maji ya shampuu mpaka iteleze, na kuupitisha bila kukandamiza mpaka uhisi hauna kinachouzuia. Ukunjekunje kila mara upate upande safi. Ukikuponyoka ukaanguka, utupe, hata kama uliufungua dakika hiyo hiyo. Kazi hii haihitajiki kila wiki. Mara moja au mbili kwa mwaka inatosha, kwa sababu udongo wenyewe unaweza kuacha alama hafifu.

Hapo ndipo unapaka kinga. Nta ya karnauba, inayotokana na majani ya mti, inatoa mng'ao wa kina na hudumu wiki kadhaa, au miezi michache ukibahatika na hali ya hewa. Kinga za polima, zinazotengenezwa kwa kemikali, hudumu zaidi. Kinga ya seramiki hudumu miaka, lakini kwa anayeanza siishauri, kwa sababu inafungia chini yake kila kosa uliloliacha, na kuiondoa kunahitaji polishi. Chochote utakachochagua, paka tabaka jembamba. Nta nene haiongezi kinga, inaongeza tu kazi ya kuifuta.

Katikati ya wiki, kinyesi cha ndege kisingoje Jumamosi. Jua likikipiga kinachora alama kwenye klia kwa muda mfupi sana. Weka juu yake kitambaa kilicholowa, ukiache dakika chache kilainike, kisha kinyanyue. Ukikisugua kikavu, unasugua na punje zilizomo.

Ndani ya gari kuna machache ya kufanya. Vuta vumbi kwanza, kwa sababu ukilowesha kapeti yenye vumbi unatengeneza tope. Matundu ya hewa yanasafishwa vizuri kwa brashi ndogo laini. Dashibodi nafuta kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na kuiacha katika hali yake isiyong'aa, maana dashibodi inayometa inaakisi kwenye kioo cha mbele. Dawa za kung'arisha zenye silikoni usizipake kabisa kwenye usukani wala pedali. Hilo ni suala la usalama.

Na ile mashine? Wakati wake ukifika, nunua inayozunguka na kuyumba kwa pamoja, siyo ile inayozunguka tu kama grinda. Ya kwanza inasamehe. Ya pili hukusanya joto mahali pamoja, na ukizubaa kwenye ukingo wa mlango inafika kwenye praima. Anza na pedi laini kabisa na polishi nyepesi kabisa, kwenye eneo dogo kama kurasa mbili za gazeti, ufute, uangalie kwa tochi. Mikwaruzo ikiwa imepungua vya kutosha, usiongeze nguvu. Mimi huiacha michache yenye kina kirefu ibaki, kwani nikiifuata mpaka mwisho nitaimaliza klia.

Mimi sikujifunzia kwenye gari langu. Nilitafuta boneti kuukuu kwa fundi wa bodi, nikailaza juu ya matairi mawili na kuipigia polishi kwa wiki kadhaa, pamoja na kona moja niliyoichoma kwa makusudi ili nijue joto la hatari linavyohisi chini ya kiganja. Boneti hiyo bado ninayo. Pedi mpya au polishi mpya ikiingia nyumbani, inapita pale kwanza.