Gari kwa rola na brashi: rangi nyembamba, msasa mwingi

Pikapu ya kazi, au kigari cha zamani kilichopauka boneti na paa, si lazima kipelekwe kupulizwa rangi. Rola ya sponji ya inchi 4, brashi laini ya inchi 2 na rangi ya mafuta ya gloss (yenye mng'ao) vinatosha. Lakini kama unataka rangi ya metaliki, achana na rola: chembe zake hulala ovyo na kuacha mabaka. Na muuza duka huenda asikuambie hili: ukishapaka rangi ya mafuta, fundi atakayetaka kupuliza baadaye huenda akalazimika kuikwangua yote, maana tina kali (kiyeyusho) ya rangi za kupuliza huivimbisha na kuikunja. Amua kabla hujafungua kopo.

Kwa gari dogo nunua lita 4. Lita moja hufunika takriban mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, yaani tabaka moja la rangi, na utapaka mikono minne au mitano myembamba. Nyeupe, krimu na kijivu husamehe makosa. Nyeusi huonyesha kila wimbi la bodi. Ya kuzimulia ni tapentaini. Tina kali huyeyusha sponji ya rola na kuinua mkono uliotangulia. Ongeza rola nne au tano za akiba, kwani rola iliyokaukia rangi haina kazi tena.

Kazi kubwa iko kabla ya rangi. Osha gari kwa sabuni ya vyombo, suuza, likauke, kisha lifute kwa kitambaa chenye tapentaini. Polishi za matairi na dashibodi mara nyingi zina silikoni, na pale ilipogusa, rangi hukimbia na kuacha vijishimo ambavyo hata mkono wa pili hauvizibi. Ng'oa taa, nembo na wipa ikiwezekana. Kisichong'oka kizibe kwa tepu ya karatasi.

Kutu ikwanguliwe hadi bati ling'ae. Ukiifunika tu, itaendelea kula chini kwa chini na rangi itavimba malengelenge. Bati lililo wazi lipate praima (rangi ya msingi) ya kuzuia kutu siku hiyohiyo, hasa ukiwa pwani, ambako hewa ya chumvi hailisubiri. Mabonde yazibe kwa bodifila, uji mzito wa kuzibia bodi, ukichanganya kidogo kidogo kwa sababu huganda ndani ya dakika chache. Isugue kwa msasa namba 180, kisha 240, na uipake praima nayo, la sivyo itafyonza rangi na kuacha doa lisilong'aa. Halafu gari zima lipite msasa wa maji namba 400 mpaka mng'ao wote upotee. Kwenye kingo za milango punguza mkono, maana hapo bati hutokeza haraka. Bampa za plastiki rangi ya mafuta haishiki bila praima yake maalumu. Kuziacha nyeusi ni nafuu zaidi.

Paka chini ya kivuli, asubuhi umande ukishakauka. Boneti iliyopigwa na jua hukausha rangi kabla haijatulia, na mistari ya rola hubaki. Ukipaka jioni, unyevu wa usiku huua mng'ao. Mwagia sakafu maji kidogo ili vumbi lilale. Zimua mkono wa kwanza kwa asilimia 10 hadi 15, ongeza kidogo tu kama bado nzito. Ichuruzike kijitini kama maziwa mabichi.

Shika kipande kimoja kwa wakati, anza na paa. Brashi itangulie kwenye pembe na kandokando ya vitasa, rola ifuate papo hapo kabla ukingo haujakauka. Viringisha kwa mapana, kisha pitisha rola isiyo na rangi nyingi kwa urefu, bila kuikandamiza, ili mapovu yapasuke. Halafu ondoka. Kurudi kurekebisha sehemu iliyoanza kushika ndiko kunakoharibu milango mingi. Mkono wa kwanza utaonekana wa aibu, rangi ya zamani ikichungulia. Usiongeze unene kuificha. Rangi hii hukauka kwa hewa, kuanzia juu, hivyo ikiwa nene huchuruzika ubavuni au hufunga ngozi na kubaki mbichi ndani, na mkono unaofuata huikunja.

Acha saa 24 kati ya mkono na mkono, zaidi wakati wa mvua. Kila baada ya mikono miwili pitisha msasa wa maji namba 600. Mkono wa mwisho ukiisha, bandua tepu rangi ikiwa bado inanata kidogo, isije ikameguka.

Usikimbilie kung'arisha. Subiri wiki kadhaa, mpaka ukucha usiache alama, ndipo upitishe msasa namba 1500, 2000, kisha kompaundi ya kung'arishia. Vitambaa vyenye rangi usivirundike: hupata joto vyenyewe na vinaweza kuwaka, kwa hiyo vitandaze nje vikauke au vitumbukize majini. Na kwa kuwa rangi ya gari imeandikwa kwenye kadi ya usajili, ukiibadilisha peleka taarifa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania), au NTSA, mamlaka ya usafiri, kwa walio Kenya.