Ukitaka kupima dawa ya choo, muulize kwanza anayeinywa

Wiki iliyopita nimetetea tasnifu yangu na nimepita. Tangu nitangaze, wadogo zangu mnaosoma sayansi mmekuwa mkiniuliza dawa ya asili inapimwaje. Najibu wote hapa.

Mada yangu ilikuwa sanamaki, yale majani makavu wanayonunua Kariakoo na Darajani wenye choo kigumu. Siku ya kuwasilisha pendekezo, mhadhiri mmoja aliniambia mbele ya wenzangu kwamba nimekosea njia, niende kwa mganga. Wakacheka. Inaniuma hadi leo, maana sanamaki imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Habari za vibali nazipita. Panya walilala na njaa, kisha kundi moja likapewa maji matupu, jingine bisakodili, dawa ya choo inayouzwa duka la dawa, mengine maji ya sanamaki kwa dozi tofauti. Chini ya kila kizimba nilitandika karatasi nyeupe, nikawa nahesabu vinyesi, natenga vikavu na vilaini, napima uzito.

Ubishi ulikuwa kwenye saa. Nilishauriwa nifunge hesabu saa nne tu baada ya kuwapa dawa, nikakataa. Bibi yangu Tanga hunywa sanamaki akienda kulala, haja ikamwamsha alfajiri. Na ndivyo ilivyo: senosidi, kemikali zake, hazifyonzwi kwenye utumbo mwembamba. Hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wa humo wakazigeuza, ndipo utumbo unapochochewa kusukuma. Kwa binadamu huchukua saa 6 hadi 12. Nilikesha maabara, na karatasi za asubuhi zilinipa haki.

Kwa hiyo muulizeni mtumiaji: anakunywa lini, kiasi gani, anaacha lini? Msiliache kundi la maji matupu, kwa sababu panya akishtuka tu hunya. Na tuache kuwaonea haya bibi zetu! Wameangalia miili yao miaka mingi kuliko sisi tulivyokaa darasani. Lakini kuwaheshimu si kunywa ovyo. Sanamaki ya kila siku kwa muda mrefu hupunguza madini ya potasiamu mwilini, na mwenye maumivu ya tumbo asiyojua chanzo chake asiiguse, aende hospitali.

Anayetaka kupima mafuta ya nyonyo, nayo dawa ya choo, aanze kuhesabu mapema zaidi, kwani hayo huvunjwa na kuanza kazi tangu kwenye utumbo mwembamba.