Siyo Kila Maumivu ya Haja Kubwa ni Bawasiri

Hapa Mwanza kijana akianza kuumwa kwenye njia ya haja kubwa, anajitangazia mwenyewe bawasiri, yaani mishipa ya damu iliyovimba pale, kisha anatafuta unga wa kunywa kwa wauza dawa wa kutembeza. Mimi nashona nguo Kirumba, kutwa niko kwenye cherehani, na maumivu hayo nayajua. Nilipopimwa, yangu yalikuwa mchaniko.

Mchaniko ni kidonda chembamba kwenye ngozi ya mlango wenyewe, na mara nyingi huletwa na choo kigumu. Ukienda haja ni kama unapitisha kipande cha chupa. Karatasi inatoka na damu nyekundu mbichi, na hata ukishamaliza, msuli wa pale unakaza na kuuma kwa saa kadhaa. Lakini kinachokomaza tatizo ni woga. Unaibana haja leo, kesho unaibana tena, choo kinakauka tumboni, na siku kikitoka kinachana palepale. Wengine wanafikia kupunguza kula. Ndiyo maana nasema anza kulainisha choo kabla ya kufikiria dawa ya kupaka.

Kilichonisaidia ni maji mengi, dona badala ya sembe, matembele, maharage na papai, pamoja na dawa ya kulainisha choo niliyoandikiwa. Nilikalia beseni la maji ya uvuguvugu dakika 10 hadi 15 kila baada ya haja, na tena kabla ya kulala. Maji matupu yanatosha. Sabuni kali na dawa za kuua vijidudu zinaunguza kidonda. Haja ikikuita, nenda, usijikamue, na simu ibaki nje. Michaniko mipya mingi hupona ndani ya wiki 6. Ukizidi hapo, rudi kwa daktari, zipo dawa za kulegeza ule msuli.

Bawasiri ya ndani mara nyingi hutoa damu bila kuuma. Ya nje damu ikiganda ndani yake, unapapasa uvimbe mgumu uliojitokeza ghafla, unauma sana.

Jipu la pale mlangoni ndilo ninalowahofia wenzangu. Maumivu yanapwita usiku na mchana, kukaa hakuwezekani, homa inapanda. Hilo linahitaji kupasuliwa, vidonge peke yake havitoshi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Kuna pia magonjwa ya zinaa, kama kisonono na malengelenge. Kama umeshiriki ngono kwa njia ya haja kubwa, mwambie daktari, maana bila kujua hatachukua vipimo vinavyotakiwa.

Na sisi tunaooga na kuvua ziwani tuna kichocho cha tumbo. Chenyewe huleta damu kwenye choo na maumivu ya tumbo zaidi kuliko ya mlangoni, kwa hiyo damu ikiwa imechanganyika na choo, omba kupimwa. Dawa yake, prazikwanteli, ipo.

Ukiona aibu, omba mhudumu wa jinsia yako, umwambie tatizo lilivyoanza, linauma saa ngapi, na damu ina rangi gani.