Bamia zimekuwa ngumu, na bogenvilia nipande sasa?

Dada, pole na jua hili la Februari. Umesema bamia zako hapo Dar zimekuwa ngumu kama kamba, na unataka kupanda bogenvilia na asumini mbele ya nyumba.

Bamia haziumwi, zimecheleweshwa kuchumwa. Kiangazi hukua upesi mno, kwa hiyo pita shambani kila asubuhi, uchume zenye urefu wa kidole. Ikunje ncha: ikivunjika ka!, bado laini. Ikipinda tu, imeshakomaa. Hizo ngumu zikate zote leo, isipokuwa mbili za mbegu, maana zikibaki mmea hupunguza maua.

Bogenvilia usiikimbize ardhini. Kata kijiti kigumu cha sentimita 20 hivi, pukutisha majani, kichomeke kwenye kopo lenye udongo na mchanga, kikae kivulini. Kikishashika mizizi, masika yatakuwa yamefika. Kihamishie penye jua la kutwa, na maji usiyazidishe, utapata majani matupu.

Asumini nayo isubiri mvua. Ila tafadhali ipande karibu na dirisha la chumbani, maua yake hufunguka jioni.